Tembo Aliyeitwa Mwenyekiti

Wiki hii mmetuuliza: mwanamuziki anayeimba kwa lugha ya kwao peke yake, je, hajifungii mlango mwenyewe? Najua jibu linalokuja haraka, kwamba soko ni soko, na anayetaka kula aimbe kinachoeleweka na wengi. Jibu langu ni jina la mtu. Mike Ejeagha, mwanamuziki wa Enugu, Nigeria, ambaye umaarufu wake wote aliupata kwa Kiigbo, lugha ya Waigbo wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo.

Jina hilo mara ya kwanza nililisikia kama karipio. Miaka ile nilikuwa Kampala, nauza spea za magari kwenye duka la Mwigbo mmoja. Nikichelewa asubuhi nilikuwa na maelezo tayari: mara boda imepasuka tairi, mara mvua, mara askari katusimamisha. Oga, yaani bosi, ndivyo tulivyomwita, hakunisikiliza hata nusu. Aliinua mkono akasema, "Akuko Mike Ejeagha!" kisha akarudi kuhesabu beringi zake. Kwa muda mrefu nilidhani Ejeagha ni mwongo mashuhuri wa kwao, labda mbunge. Nilipojikaza nikamuuliza, alicheka mpaka akakalia giaboksi ya mteja. Akuko ni hadithi. Kule kwao mtu akianza maneno marefu yenye kona nyingi huambiwa hivyo: umeanza hadithi za Mike Ejeagha.

Nilijiuliza basi ni waimbaji wangapi waliowahi kugeuka msemo, wakatajwa dukani na mtu ambaye siku hiyo wala hakuwa akisikiliza muziki.

Ejeagha alikuwa mtu wa Imezi Owa, huko Ezeagu, lakini aliyemlea hasa ni mji wa Enugu, mtaa wa Coal Camp. Jina la mtaa linajieleza: yalikuwa makazi ya wachimba makaa ya mawe, watu waliotoka vijiji mbalimbali vya Waigbo, kila mmoja na ngano za bibi yake kichwani. Haukuwa mji mpole. Novemba 1949 polisi wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wachimbaji kwenye mgodi wa Iva Valley, wakafa 21. Ejeagha wakati huo alikuwa kijana, na gitaa lilikuwa ndilo linaloingia mjini. Hailaifu, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, ilikuwa imevuka kutoka Ghana na bendi zenye matarumbeta, na kila mwenye bendi alitaka watu wacheze. Vita vya Biafra, vya Waigbo kutaka kujitenga na Nigeria, vikaja mwaka 1967, Enugu ikaanguka mwaka huohuo mikononi mwa jeshi la serikali kuu, na vilipokwisha mwaka 1970 Waigbo walikuwa wakianza maisha upya.

Huyu bwana, waliyemwita "Gentleman", alishika hailaifu hiyohiyo akaipunguza mwendo. Aina yake ikaitwa akuko n'egwu, hadithi ndani ya muziki. Gitaa linapiga taratibu, halina haraka ya kufika popote. Anaanza kuzungumza, hasa kuzungumza, si kuimba, kama babu aliyekaa kwenye kigoda. Anasimulia mpaka mahali pa kiitikio, anaimba mstari, wenzake wanaitika, anarudi kusimulia. Sisi tuliolelewa na "Paukwa!" "Pakawa!" hatuhitaji mkalimani wa mtindo huo. Kwetu Muleba ningeufananisha na enanga, ala yetu ya nyuzi: mzee mmoja, nyuzi zake, na kisa kirefu cha Kihaya kinachokula usiku. Nilipomweleza Oga habari za enanga aliniuliza kama mashujaa wetu ni wanyama. Nikamwambia wetu wengi ni watu, tena wenye ugomvi na wafalme. Akaguna. Kwao mwenye akili ni Mbe, kobe, mwembamba wa mwili na mnene wa hila, aliyeshika nafasi anayoishika Sungura kwetu.

Hapo ndipo panaingia wimbo wenyewe, "Ka Esi Le Onye Isi Oche", wa mwaka 1983. Mfalme ana binti. Kobe anamtaka. Mfalme anampa sharti ambalo hakutarajia kiumbe wa ukubwa ule aliweze: alete tembo. Kobe hana nguvu ya kumburuta tembo hata hatua moja, basi anakwenda kumwambia kwamba kwa mfalme kuna shughuli kubwa na yeye, tembo, ndiye aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti. Tembo anajaa. Anaondoka kwa miguu yake, kobe mbele akimwimbia, kundi likiitika "gwo gwo gwo ngwo", mpaka kwa mfalme. Jina la wimbo kwa Kiswahili ni "Jinsi Mwenyekiti Alivyouzwa".

Onjeni utamu wa neno hilo, mwenyekiti. Nigeria, kama huku kwetu, shughuli ya kuchangisha haifungwi bila mtu mzito mbele. Anatajwa kwa sifa zote, anawekwa kiti chenye kitambaa, na saa ya kutaja michango ikifika macho yote yanamgeukia yeye. Mgeni rasmi yeyote wa harambee anaujua mwendo wa yule tembo. Ejeagha hakumtaja mwanasiasa wala tajiri. Alisimulia kobe tu, na kila aliyesikia akamweka mtu wake pale.

Miaka 41 ikapita. Julai 2024 mchekeshaji wa Nigeria, Brain Jotter, akarekodi video fupi akicheza kile kipande cha "gwo gwo gwo ngwo". Ikawa moto. Wanafunzi, maharusi, wachezaji wa mpira, wote wanaitika. Mimi niliiona kwenye simu ya mpwa wangu Bukoba, na nilipoisikia sauti ile nilijikuta nimesimama: ndiye yule wa maelezo yangu ya boda! Watu walianza kuuliza mzee mwenyewe anapata nini, na Brain Jotter akamtumia naira milioni 2 na kwenda kumwona. Serikali ya jimbo la Enugu ikaipa barabara ya mjini jina lake. Yote hayo yakimkuta ameshavuka miaka tisini.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, maana sitaki mseme nimeshinda kirahisi. Kilichozunguka dunia ni kiitikio, na kiitikio kile hakina maana ya kutafsiri. Ni mlio wa mwendo tu. Mamilioni waliocheza hawakujua kwamba kwenye kisa wako upande wa wanaomsindikiza mtu kwenda kuuzwa. Mpwa wangu aliichezea sendofu ya rafiki yake, bibi harusi mtarajiwa yuko katikati, wenzake nyuma wanaitika. Nilipomweleza kisa alinikodolea macho, akasema, "Mjomba, ungenyamaza." Kwa hiyo ndiyo, lugha ilizuia kitu. Ila tazameni ilichohifadhi. Angeimba kwa Kiingereza mwaka 1983 ili apendwe Lagos na London, kobe wake angekuwa mnyama wa kitabu cha shule. Alisimulia kwa Kiigbo kile cha wazee, chenye methali ndani ya methali, ndiyo maana miaka yote ile kabla ya video jina lake lilikuwa mdomoni mwa muuza beringi aliye mbali na kwao.

Na si yeye peke yake. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, aliimba Kijaluo chenye mafumbo mpaka wakubwa wa Kenya wakakosa usingizi. Joseph Kamaru alifanya hivyohivyo kwa Kikikuyu. Hakuna aliyewaambia wamejifungia.

Ejeagha alifariki Juni 2025, akiwa na miaka 95. Nilimpigia Oga simu ya pole, akasimulia, akasimulia, salio langu likakatika.

Likizo iliyofuata nilimhadithia mama Muleba kisa kizima kwa Kihaya, kobe, mfalme, binti na kiitikio. Alisikiliza huku anamenya ndizi, hakucheka popote. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu: "Na huyo tembo hakuwa na mke nyumbani wa kumuuliza anakwenda wapi?"