RNA mjumbe "anatafsiriwa" au "inatafsiriwa"?

SWALI: Naandaa maelezo ya biolojia kwa Kiswahili. Nimeandika: "Seli inadhibiti RNA mjumbe asitafsiriwe kuwa kimeng'enya." Mwenzangu anasema "asitafsiriwe" ni kosa, eti neno ni "asinakiliwe". Nani kapatia?

JIBU: Kosa lipo, ila si hilo alilolitaja mwenzako.

Ukinakili barua, lugha haibadiliki. Ndivyo DNA, hifadhi ya maagizo ya seli, inavyonakiliwa kuwa RNA mjumbe: herufi kwa herufi, ila penye T huandikwa U. Kutoka RNA kwenda protini (na kimeng'enya ni protini), lugha yenyewe hubadilika. Herufi husomwa tatutatu, na karibu kila tatu hutaja asidi amino yake, yaani tofali la protini, kati ya 20. AUG, kwa mfano, ni methionini, na hapo ndipo usomaji huanzia. Hiyo ni tafsiri. (Waarabu, tuliowakopa neno, kazi hii huiita tarjama, kwao tafsir ni ufafanuzi.)

Kosa ni kiambishi a-. "Mjumbe" hapa ni cheo kilichopewa kitu, na upatanisho hufuata kitu, yaani RNA. Twasema "timu mwenyeji imefungwa" na "nchi mwanachama imetia saini", hatusemi "amefungwa". Basi, "RNA mjumbe isitafsiriwe".

Lakini kilichonikera zaidi ni "inadhibiti... asitafsiriwe". Umelifanya dhibiti kuwa zuia. Kipa akiudhibiti mpira, mpira haujafa. Anao mkononi, ataupiga apendapo. Tazama seli changa za damu nyekundu ndani ya uboho. Zinahitaji kimeng'enya kiitwacho ALAS2 ili zianze kuunda hemu, ile sehemu ya hemoglobini inayoshika oksijeni. Hemu bila chuma haikamiliki. Chuma kikipungua, protini ziitwazo IRP hunata kwenye kikunjo karibu na mwanzo wa RNA ya ALAS2, ribosomu, mtambo wa seli unaosoma RNA na kuunda protini, ikakosa pa kuingilia. Ujumbe upo, haujachanwa, ila hausomwi. Chuma kikirudi, IRP huachia na kazi ikaanza. Mojawapo, IRP1, hupokea chuma na salfa ikageuka yenyewe kuwa kimeng'enya, akonitasi! Na kwenye RNA ya kipokezi cha transferini (protini inayobeba chuma katika damu), kinachoingiza chuma ndani ya seli, protini hizohizo hunata upande wa mkiani, zikiilinda isiharibiwe. Huku zinazuia, kule zinalinda: kote ni kudhibiti.

Kimeng'enya nacho kimetokana na kumeng'enya chakula, ilhali ALAS2 haimeng'enyi chochote, inajenga. Neno limeshazoeleka, liache.

Andika: "Seli hudhibiti jinsi RNA mjumbe inavyotafsiriwa kuwa kimeng'enya." Ukikusudia kuzuia tu: "Seli huzuia RNA mjumbe isitafsiriwe." Na iwe hu-, si -na-, maana hiyo ni kawaida ya seli, si tukio la asubuhi ya leo.