Kamera iko kwenye simu yako, mama anaona nini?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Chake Chake kaniandikia: "Kaka, nimefunga kamera mbili nyumbani, lakini wazee hawana simu kubwa. Picha nitaiweka vipi kwenye TV?" Nikacheka peke yangu. Mamangu aliniuliza hilo hilo mwaka juzi, tena kwa ukali.

Mie naishi Unguja, mama yuko Wete. Msimu ule karafuu zilianikwa mbele ya nyumba, na asubuhi moja jamvi likakutwa limepungua. Aliyezoa hatukumjua, ingawa mpaka leo nina wangu ninayemdhania. Nikanunua kamera tatu za Wi-Fi, nikapanda boti, nikazifunga kwa mkono wangu, nikarudi najiona mwanamume. Kila nikipata nafasi kazini nachungulia simu. Siku ya nne mama akapiga: "Kwa hiyo wewe uliyeko Darajani ndiye mlinzi, na mimi niliyekaa hapa hapa hayanihusu?" Ana kitochi chake cha vitufe. Nilikosa la kusema. Na bando lilikuwa linakwisha kama maji kwenye mtungi wa ufa, la kwangu na la nyumbani.

 

Sasa sikiliza, ndugu yangu wa Chake. Kama kamera zako ni za waya na zina kisanduku cha kurekodi, ile DVR au NVR, usijitese. Nyuma yake pana tundu la HDMI. Chomeka waya mpaka kwenye TV, bonyeza rimoti uchague HDMI, basi. Zangu hazikuwa na kisanduku, kila moja ina kadi yake ndani. Nilitumia kile kiboksi cha Android kinachochomekwa kwenye TV, nikaweka VLC, programu ya kuchezea video. Kwenye mipangilio ya kamera nikawasha RTSP, yaani njia ya kamera kurusha picha moja kwa moja kwenye kifaa kingine, ambayo mara nyingi huja imezimwa. Kamera nyingi za betri hazina kitu hicho kabisa, kwa hiyo uliza dukani kabla hujatoa pesa. Kisha kwenye VLC unaandika anwani: rtsp://, jina la mtumiaji, neno la siri, namba ya kamera kama 192.168.1.64, na mlango (port) wa 554. Mkia wa anwani kila kampuni ina wake, tazama kitabu kilichokuja na kamera. Kuandika yote hayo kwa rimoti kunachosha kuliko kuchambua makonyo ya karafuu.

Picha ikaja, ikawa inakwama kwama. Kumbe nilichukua mkondo mkuu, yaani picha kali kamili, mzito kwa kiboksi changu cha bei ndogo. Nikahamia mkondo mdogo, picha nyepesi ya kamera ile ile, ikatulia. Halafu umeme ukakatika, uliporudi picha hakuna: ruta imeigawia kamera namba nyingine. Ingia kwenye ruta uifungie kila kamera namba yake, utanishukuru.

Na hili ndilo nililotamani mtu aniambie mapema: picha ya namna hii inatoka kwenye kamera, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye TV. Haitoki nje ya nyumba. Bando likiisha mama anaona vilevile.

Jioni ya kwanza alikaa ukumbini na kikombe chake, akamwona mbuzi wa watu anasogelea jamvi. Akafungua dirisha: "Nakuonaaa!" Mbuzi akaruka, na mtoto aliyekuwa nyuma yake, ambaye sote hatukumwona, naye akaruka. Nilivimba kichwa. Kila mgeni nikamwonyesha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikukuu ya pili ya Iddi nimekuja Wete, ukumbi umejaa, nimewasha TV watu waone kazi yangu. Jirani yetu, mtu mzima tunayemwita shangazi, alikuwa amekaa mbele kabisa. Kwenye simu ile pembe ya kushoto ilikuwa na ukubwa wa ukucha, sikuijali hata siku moja. Kwenye inchi 43 ilikuwa ua wake mzima: kamba ya nguo, ndoo mbili, na binti yake kichwa wazi, kanga moja, anakosha vyombo. Shangazi akaweka kikombe chini. "Alhamdulillahi, nimeshiba," akasema, na kitumbua hakukigusa.

Jamani, tumeamrishwa kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na jicho nalo ni mgeni. Kabla ya kuwaita watu waje kuona, kaa peke yako mbele ya TV uitazame picha pembe kwa pembe. Geuza kamera iangalie kwako. Ikishindikana, nyingi zina mpangilio wa kuziba sehemu ya picha kwa weusi. Utumie. Na neno la siri la kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo, maana ua wa jirani akiuona mgeni wa mbali ni balaa jingine.

Nilikwenda kuomba radhi na mama. Shangazi alipokea salamu, akatuuliza habari za Unguja, akatukaribisha uji. Wiki ile ile ua wake ukaongezwa makuti juu ya ukuta, na kwenye TV ya mama ile pembe ya kushoto iko nyeusi mpaka leo.