Kitazame Kivuli Kwanza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimekariri mikondo ya sanaa, Renesansi, Baroko, Uimpreshonisti, Ukubisti, Usurealisti, pamoja na miaka yake. Lakini maelezo ya chini ya picha yakifunikwa, sijui niko wapi. Majuzi niliiita picha ya Manet kuwa ya Monet mbele za watu, wakanicheka. Je, picha inaweza kutambulika bila kukariri?
Niliyechekwa

JIBU: Marahaba, na pole. Hiyo ya Manet na Monet nami ilinikuta, tena darasani, na mwalimu nilikuwa mimi. Nitairudia.

Orodha yako iweke kando. Miaka haionekani kwenye turubai, rangi ndiyo inayoonekana. Mimi nikiletewa picha nisiyoijua, jicho hunikimbilia kwenye kivuli. Mavazi hudanganya, maana wachoraji wa kila zama wamewachora watu wa kale. Kivuli mchoraji hukipaka kwa mazoea ya wakati wake, mara nyingi bila kujua kwamba anajitaja.

Pale Firenze, Italia, katika kikanisa kilichomo ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine, takriban mwaka 1425, Masaccio alimpaka ukutani Mtume Petro akipita njiani na kivuli chake kikiwaponya wagonjwa waliokaa kando. Kivuli ndicho kisa chenyewe. Sasa angalia kinaangukia wapi: mwanga wa ndani ya picha unatoka upande uleule wa dirisha halisi la kikanisa hicho. Hiyo ni Renesansi. Picha imekuwa chumba chenye kina, mwanga wake ni mmoja, na kila kitu kinautii.

Ukikuta giza limemeza chumba na mwanga umeingia kama mtu aliyesukuma mlango bila hodi, hapo ni Baroko. Katika picha ya Caravaggio ya kuitwa kwa Mathayo, ya 1599 hadi 1600, kuna dirisha kubwa ukutani, na haliingizi mwanga hata chembe! Mwanga unatoka kulia, juu ya kichwa cha Yesu, unaukata ukuta mshazari mpaka kwenye nyuso za waliokaa mezani na fedha zao. Giza ndilo linaloamua nani tumwone na nani asubiri.

Kwa Waimpreshonisti nitakaa kidogo, maana ndiko watu wengi wanakopotelea. Huambiwa watafute mapigo ya brashi yanayoonekana. Sawa, lakini brashi ya Rembrandt nayo inaonekana, karne mbili kabla yao. Tafuta rangi ya kivuli. Monet alichora theluji mwaka 1868 au 1869: uzio, lango dogo, na ndege mmoja mweusi na mweupe ametua juu ya lango. Jua liko nyuma ya uzio, kwa hiyo kivuli kinatujia sisi, kimelala juu ya theluji. Nacho ni cha buluu. Ukikisogelea, hukuti nyeusi iliyochanganywa na nyeupe, unakuta buluu na zambarau. Monet hakubuni. Mahali jua limezuiwa, anga bado linaangaza, na anga ni la buluu. Wakubwa wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa picha ile mwaka 1869. Miaka mitano baadaye yeye na wenzake wakafanya maonyesho yao wenyewe, na mkosoaji mmoja aliyetaka kuwakejeli ndiye aliyewapa jina tunalolitumia hadi leo.

Jina la Wafovu, kundi jingine la wachoraji, nalo lilitoka kinywani mwa mkosoaji, mwaka 1905. Kwa Kifaransa ni wanyama mwitu. Mwaka huohuo Matisse alimchora mkewe, na pale kivuli cha pua kilipotakiwa kuwa, akashusha mstari wa kijani kutoka kwenye paji la uso. Kivuli kimeacha kufuata jua, kinafuata moyo wa mchoraji.

Kwa Wakubisti, hesabu vivuli. Tazama nyumba alizochora Braque huko L'Estaque mwaka 1908: ukuta huu una giza kushoto, wa jirani una giza kulia, kana kwamba kila nyumba ina jua lake. Vivuli vikigombana hivyo, usihangaike tena.

Usurealisti una tabia ya kinyume. Kivuli kimechorwa kwa usafi wa kutisha, ila hakina mwenyewe, au mwenyewe hawezekani. Aliyewafungulia njia ni de Chirico. Katika picha yake ya 1914, msichana anakimbiza gurudumu kwenye barabara tupu, na mbele yake kuna kivuli cha mtu aliyefichwa na jengo. Kila nikiitazama nataka kumwita yule mtoto arudi.

Njia hii ina mwisho wake, nikuambie mapema. Mbele ya mapande ya rangi tupu ya mchoraji Rothko, au rangi alizomwaga mwenzake Pollock kuanzia 1947, utatafuta kivuli mpaka uchoke. Picha za kale za kanisa la Kiorthodoksi la Mashariki nazo hazina kivuli cha kuanguka chini, na hazikukihitaji. Hapo tumia akili nyingine.

Turudi kwa Manet. Waliokucheka pengine hawajui kwamba alikuwa rafiki wa Waimpreshonisti, lakini hakushiriki hata moja kati ya maonyesho yao manane, 1874 hadi 1886. Mtafute mvulana wake apigaye filimbi, wa 1866. Koti ni jeusi tii, suruali nyekundu ina mstari mweusi ubavuni, nyuma yake hakuna chumba wala anga, ni kijivu kitupu. Kivuli utakiona miguuni tu, kidogo mno, na hakina buluu.