"Behind me" au "behind my"? Kiwakilishi kinapofuata kihusishi

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatumia Kiingereza kazini kila siku, na kwenye mazungumzo ninajimudu. Shida huanza ninapoandika. Mwezi huu nimesahihishwa mara tatu. Niliandika "The client stood in front of my", kisha "This stays between you and I", na juzi "I saw the mistake and I will sort out it". Nikiuliza sababu ninaambiwa ndivyo Kiingereza kilivyo. Kweli hakuna kanuni?

Jibu: Marahaba. Kanuni ipo. Makosa yako mawili ya kwanza yamezaliwa na kanuni moja. La tatu lina yake, nayo ndiyo yenye mengi ya kueleza.

Kihusishi ni neno kama at, to, with, for, behind au between. Kikiungana na nomino au kiwakilishi kinachokifuata tunapata kirai kihusishi: "with the teacher", "behind the door", "for us". Nomino ikiingia hapo haibadiliki hata kidogo. Kiwakilishi hubadilika: I huwa me, he huwa him, she huwa her, we huwa us, they huwa them. You na it hubaki vilevile, ndiyo maana hujawahi kusahihishwa kwa hivyo viwili. Ni umbo lilelile la yambwa, yaani la anayetendewa, unalolitumia bila taabu katika "She saw me".

Miaka elfu moja hivi iliyopita Kiingereza kilibadilisha hata nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Kwenye nomino mabadiliko hayo yamefifia, yakabaki kwenye viwakilishi vichache. Him ya leo ilikuwa umbo la mtu anayepewa kitu. Mtu anayeonwa au kupigwa alikuwa na neno lake, hine, ambalo limepotea. Nasi Waswahili tuna jambo la kufanana nalo: na ikikutana na mimi tunapata nami, ikikutana na yeye tunapata naye. Ila sisi tuna hiari, kwa kuwa "na mimi" pia ni sahihi. Kiingereza hakikupi hiari hiyo, na "with I" ni kosa popote utakapoiandika.

Sasa "in front of my". Hapo Kiswahili chako kimekuponza. Tunasema mbele yangu, nyuma yake, juu yao: neno la mahali linapewa kimilikishi, kana kwamba huo umbele ni mali yangu. Kiingereza hakifanyi hivyo. My ni neno linalongoja nomino, kwa hiyo msomaji wako alibaki akisubiri: in front of my nini? Dawati? Gari? Mbele yangu ni "in front of me". Juu yake, ukimaanisha meza, ni "on it", si "on its". Jihadhari hasa na her, kwa sababu umbo lake la yambwa na la kumiliki ni moja. Mtu anaandika "behind her", anapata sahihi, kisha kwa mantiki hiyohiyo anaandika "behind his". Mantiki yake si mbaya, ila her imemficha ukweli. Him, ambayo haifanani na his, ndiyo inayoonyesha umbo linalotakiwa: "behind him".

"Between you and I" haikutokana na Kiswahili. Wazawa wa Kiingereza wenyewe husema hivyo, hata waliosoma sana, na nadhani ni kwa sababu tangu utotoni hukatazwa kusema "me and you went" mpaka "you and I" ikawa inasikika ya heshima kila mahali. Lakini katika maandishi rasmi bado inahesabiwa kosa. Kipimo chake ni rahisi: badala ya watu wawili weka neno moja. Hakuna atakayeandika "between we". Ataandika "between us". Us ni umbo la yambwa, basi na mwenzake awe hivyo: "between you and me".

Tuje kwenye "sort out it". Hapa out si kihusishi kinachofungua kirai, ni sehemu ya kitenzi. Nomino ina uhuru wa kukaa upande wowote: "sort out the mistake" au "sort the mistake out". Kiwakilishi hakina uhuru huo, lazima kiingie katikati: "sort it out". Lakini kwenye "look after the child", after ni kihusishi cha kweli, nacho hakikubali kuachanishwa na mwenzake: "look after him".

Uzuri wake ni kwamba kiwakilishi kinakufichulia muundo ambao nomino inauficha. Tazama "turn off the light" na "turn off the road". Kwa macho ni sentensi za aina moja. Weka it: taa ni "turn it off", kuizima, barabara ni "turn off it", kuiacha na kushika njia nyingine. Off ya kwanza ni ya kitenzi, ya pili imeshikana na barabara. Hata matamshi husaidia: katika "turn it off" sauti hutilia mkazo off, ilhali katika "look at it" at hupita kwa wepesi.

Ushauri wangu ni huu: usiandike kitenzi peke yake katika daftari lako. Kiandike kikiwa na kiwakilishi chake. Pick it up. Fill it in. Look for it. Deal with them. Put up with him. Ukikariri hivyo, nafasi ya kiwakilishi inakuja pamoja na kitenzi. Njia hii itakusaidia pia pale Kiswahili kinapobeba kila kitu ndani ya neno moja. Nisikilize ni "listen to me", nisubiri ni "wait for me", nieleze ni "explain it to me", lakini niambie ni "tell me" bila kihusishi chochote, na tuijadili ni "let's discuss it", si "discuss about it".

Utakutana na "a friend of mine" na kudhani nimekudanganya kuhusu vimilikishi. Huo ni muundo wa pekee wenye maana ya mmoja kati ya rafiki zangu, na unatumia mine, yours, his, hers, ours na theirs, yaani vimilikishi visivyongoja nomino. "A friend of my" hubaki kosa kwa sababu ileile ya "in front of my".