Maswali yenu: kuhesabu majibu ya maneno kwa fomula za Excel

Shikamoo mwalimu. Nimewauliza wenzangu 120 wanakuja chuoni kwa usafiri gani. Majibu yako B2 hadi B121. FREQUENCY imeniletea sifuri tupu. Kwa nini? (Mwanachuo, Morogoro)

Marahaba. FREQUENCY huhesabu namba tu, maneno huyaruka. Tumia COUNTIF, inayohesabu visanduku vyenye neno unalolitaja. Orodhesha aina za usafiri D2 hadi D6: Daladala, Bodaboda, Bajaji, Kwa miguu, Gari binafsi. Kwenye E2 andika =COUNTIF($B$2:$B$121,D2), buruta hadi E6, kisha E7 iwe =SUM(E2:E6). Alama za dola ($) usiziache, ndizo zinazozuia anwani za visanduku zisihame unapoburuta. Bila hizo, fomula ikishuka mstari mmoja itahesabu B3 hadi B122.

Nimefanya hivyo, lakini jumla ni 113. Wale saba wamepotelea wapi? (Huyohuyo)

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. COUNTIF haijui maana ya neno, inalinganisha herufi. Herufi kubwa na ndogo haizibagui: "BAJAJI" na "bajaji" kwake ni kitu kimoja. Lakini nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa neno, ambayo hata huioni, inatosha kuliacha jibu nje. Majibu yaliyoandikwa kwa simu yana nafasi hizo tele, maana kibodi huziongeza yenyewe inapokamilisha neno.

Weka pembeni =UNIQUE(B2:B121) uone kila namna watu walivyoandika. (Excel 2019 na za nyuma yake hazina UNIQUE, nakili safu kwingine, kisha ondoa yanayojirudia kupitia menyu ya data.) Sitashangaa ukikuta bodaboda, boda boda na pikipiki. Nafasi za ziada ziondoe kwa =TRIM(B2) kwenye C2, buruta hadi C121, na COUNTIF sasa isome safu C. "Boda boda" TRIM haitaigusa. Hiyo irekebishe mwenyewe kwenye safu B. Usikimbilie "boda*" yenye nyota, kwani itamzoa pia aliyeandika "bodaboda kisha daladala", na huyo ni wewe wa kuamua umweke wapi. Walioacha wazi wape mstari wao, "Hakujibu": =COUNTBLANK(C2:C121).

Nakusihi, usitoe asilimia hata moja kabla hesabu yote haijatimia 120.

Asilimia ya kwanza inatoka vizuri, zinazofuata zote ni #DIV/0!. (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

Bila shaka uligawa kwa kisanduku cha jumla bila dola. =E2/E7 ikishuka inakuwa =E3/E8, na E8 ni tupu, yaani unagawa kwa sifuri. Andika =E2/E$7.

Nataka wanawake na wanaume waonekane kando kando. (Msomaji, Nairobi)

Tumia COUNTIFS, inayohesabu kwa masharti zaidi ya moja. Jinsia ikiwa safu A, na "Mke" na "Mume" vikiwa vichwa kwenye G1 na H1, G2 iwe =COUNTIFS($A$2:$A$121,G$1,$C$2:$C$121,$D2). Buruta kulia, kisha chini.

Kompyuta yangu ni ya Kifaransa. Nikiandika COUNTIF inaniletea #NOM?. (Msomaji, Bukavu)

Ndugu, Excel ya Kifaransa huiita NB.SI, na kwa kawaida hutenganisha kwa nukta-mkato: =NB.SI($B$2:$B$121;D2). COUNTIFS ni NB.SI.ENS, TRIM ni SUPPRESPACE. Ukimtumia faili mtu mwenye Excel ya Kiingereza, majina hayo hubadilika yenyewe. Fomula uliyoinakili kwenye ujumbe wa WhatsApp haitabadilika, kwa hiyo tuma faili.