Parachichi gumu na ndizi mbivu

Kwamba ndizi mbivu huivisha parachichi gumu ni kweli kabisa, si porojo za jikoni. Ndizi mbivu hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayolisukuma parachichi liive. Ukizifunga pamoja kwenye mfuko wa karatasi gesi haitawanyiki, hivyo parachichi gumu linalainika ndani ya siku mbili tatu. Karatasi au gazeti, jamani. Ukitumia plastiki unyevu unajaa humo na tunda linaota ukungu. Nyumbani mama alikuwa akiyafukia maparachichi kwenye debe la mahindi, kazi ni ileile, gesi inabaki humo humo.

Parachichi lenyewe haliivi likiwa mtini, huanza kuiva likishachumwa, ndiyo maana sokoni unayakuta magumu kama jiwe. Ila lililochumwa changa hata ulilaze na mkungu mzima litasinyaa tu, liwe kama mpira. Na kwa machungwa usijisumbue, yakishachumwa hayaongezi utamu. Friji iache mpaka parachichi liwe limeiva, maana baridi inalichelewesha.