Lenzi agiza, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) nunua karibu

Ndugu, umeuliza kama uagize kamera nje kwa kuwa bei ni nafuu kuliko dukani nchini kwako. Hiyo bei bado haijakamilika: ongeza usafirishaji, ushuru na kodi, ndipo ulinganishe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni waranti. Kamera isiyopitia kwa msambazaji rasmi wa nchi yako inaweza kukataliwa kwenye matengenezo, hata ukiwa tayari kulipa. Halafu bodi nyingi za Sony zinazouzwa Japani zina menyu ya Kijapani tu, na huwezi kuibadilisha (labda kama unasoma Kijapani!). Lenzi iliyotumika ningeagiza bila hofu kubwa, mradi muuzaji aonyeshe picha za vioo na aseme wazi kuhusu fangasi (ukungu unaoota ndani ya lenzi). Muulize pia nani hulipia kurudisha mzigo.